Barua kwa mwanangu Somoe: bili zile ulilipa na nini?

Chikongola, Mtwara
Jumatano usiku

Mwanangu Somoe,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila bibi yako goti linamsumbua na amenikataza nisikuandikie habari hiyo. Kifurushi nimempa kondakta wa basi la alfajiri. Kesho saa kumi jioni uwe Rangi Tatu, kama Somanga hakuna jambo. Tangu Mei 2024, ile mvua ya kimbunga Hidaya ilipokata barabara pale, mimi basi siliamini mpaka niambiwe limefika.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia unasema "Mama, niko zamu", na nikikutumia ujumbe unanijibu kile kidole gumba. Kidole gumba si jibu.

Juzi Jumatatu nimekaa napepeta mchele, simu ikalia. Ujumbe. Namba siijui. Wameandika majina yako yote matatu, kwamba unadaiwa, kwamba siku za kulipa zimepita, na kwamba mimi ni mmoja wa watu uliowaandikisha. Nikasema hawa ni matapeli, wale wa "tuma hela kwenye namba hii". Sijamaliza ungo, mama yako mdogo kapiga kutoka Masasi, na yeye kaupata. Jana asubuhi ustadhi wako wa madrasa kaja mpaka mlangoni, kavua kofia, anazungukazunguka na habari za mvua. Nikajua na kwake umefika. Mzee wa watu hakutaka kunitia aibu, akaishia kuomba maji ya kunywa.

Sasa nakuuliza, na nitakuuliza tena kabla karatasi haijaisha: bili zile ulilipa na nini?

Mara 5 tumetoka kwenda kula katika siku 14 za likizo yako. Risiti ninazo 3, maana mimi karatasi situpi, unanijua. 61,000. 52,500. 88,000. Pale Feri wachoma samaki hawatoi risiti, nimeweka 25,000 kwa kukisia, na wewe ulimwachia yule kijana chenji yote kama mke wa mbunge. Jumla 226,500, bajaji sijazitia. Ile ya tano, wali na mbaazi za nazi kwa mama lishe wa sokoni, nililipa mimi, na kama unataka niseme ukweli ndiyo niliyoshiba.

Nimejumlisha nyuma ya kalenda ya chama cha msingi. Nikajumlisha tena, pengine nimekosea. Sikukosea.

Sikatai, nilipenda. Nisijifanye. Miaka yote nakula nimesimama jikoni, sahani juu ya kinu, nikiwaza nani hajapata. Kuketi, mtu akaniwekea kitambaa mapajani, akaniuliza mimi nataka nini, hilo lilikuwa geni. Na siku ile ya Shangani ulipomrudisha pweza jikoni nilitazama baharini kwa aibu, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Pweza yule hakupigwa. Pweza anapigwa juu ya jiwe mpaka alegee, kisha anachemka kwa maji yake mwenyewe, humwongezei hata tone, ndipo nazi inaingia. Wao wamemtia kwenye nazi akiwa bado ana kiburi chake. Ukamwambia mhudumu taratibu, bila kupandisha sauti, "Kaka, huyu hajaiva, naomba umrudishe." Mimi miaka yangu 49 sijawahi kurudisha chakula. Harusi ya binamu yako nilimeza wali wenye mchanga na nikashukuru. Nikasema, mtoto huyu nimemzaa mimi? Nikakusifu kwa wenzangu wa mchezo, wale tunaopeana hela kwa zamu, mpaka wakachoka. Picha ya wale kamba niliiweka kwenye simu siku nzima. Sasa mama wa nyumba ya tatu ananiita Mama Hoteli. Ujumbe sijui kama na yeye kaupata. Namba yake unayo?

Na kumbe siku hiyohiyo, ulipokuwa unanifundisha kushika kile kisu cha samaki, simu yako ilikuwa mezani inawaka, unaigeuza kifudifudi. Nikadhani ni mwanamume. Nilifurahi, nikasema potelea mbali, umri umefika. Laiti angekuwa mwanamume.

Wewe ni muuguzi. Unampima mtu presha, unamkataza chumvi, anakusikiliza. Zahanati inakulipa kidogo, kodi ya chumba Mbagala naijua, nauli naijua, nilifanya hesabu hiyo siku ile ulipoajiriwa, nikanyamaza. Halafu mtu huyo anakuja Mtwara anaagiza kamba. Mama yako ni nani mpaka umkopee kamba? Kamba tunawaona wakishushwa ufukweni tangu hujazaliwa.

Mikindani ndiyo iliyoniuma. Boma lile la Wajerumani la 1895, na ngazi zile, na ulitaka meza ileile niliyokupeleka ulipomaliza kidato cha nne. Sikukumbushi habari za 2018, unazo zote, hata kitenge nilichovaa unakijua. Kimoja huna.

Bili ile ya 2018 ulijua ni hela ya mchezo, zamu yangu imefika. Haikuwa zamu yangu. Zamu ilikuwa ya mama Zuhura. Mwishoni mwa Oktoba baba yako alikwenda msibani Newala, usiku akaja kijana wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, na pikipiki, akapima zetu kwa kopo lake, kilo 60 kwa hesabu yake, na ile hesabu yake Mungu ndiye aijuaye. Akanipa 1,200 kwa kilo. 72,000. Nikazificha kwenye debe la unga wa muhogo nikingoja umalize mtihani wa kidato cha nne. Kabla hujamaliza, Rais Magufuli akatangaza 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzibeba korosho. Kwa hiyo siku tumekaa pale juu, wewe unasoma menyu kwa sauti, mimi nilikuwa najua nimekwishapoteza zaidi ya laki moja. Ulisema mama haoni raha ya chakula kwa sababu anaogopa uma. Nikakuacha useme hivyo. Ilikuwa afadhali uma.

Na watu wa uhakiki, wa kukagua korosho ni za nani, walipoanza kupita vijijini, nikisikia gari tu kule shambani Nanguruwe mate yananikauka. Baba yako alishangaa mbona msimu ule magunia yamepungua, akasingizia ugonjwa wa ubwiriunga, akanunua dawa ya salfa zaidi mwaka uliofuata. Mpaka leo hajui. Barua hii isome peke yako, usiipige picha.

Sikuandikii hayo ili uone tuko sawa. Mimi niliuza changu. Kijinga, lakini changu. Hakuna aliyempigia ustadhi simu kwa ajili yangu. Wewe umekwenda kwa hawa wakopeshaji wa kausha damu, tena wa kwenye simu, unawapa picha ya kitambulisho na majina ya jamaa zako wote, ili mimi nile samaki ambaye asubuhi alikuwa Feri. Bibi yako angesema kukopa arusi, kulipa matanga. Mimi sisemi, methali zake zimenichosha, lakini ameisema mara mbili leo bila kujua lolote, ya kwanza akimsema mkwe wa jirani.

Bili zile ulilipa na nini, Somoe? Au niulize hivi: ulianza kukopa kwa ajili yetu, au tulikukuta tayari umo? Maana hayo ni mambo mawili. La kwanza ni ujinga na nitausamehe ukilala. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Redioni walikwisha kusema, 2024 hiyohiyo, Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha kwenye simu bila leseni. Orodha ipo, itafute uone kama ya kwako imo. Imo au haimo, usikope ya pili kuilipa ya kwanza. Wakikutukana usijibu, hifadhi ujumbe wao. Usibadilishe laini, maana hapo watageukia namba zetu moja kwa moja. Zamu ya usiku wanakupa posho? Hukuniambia. Na nywele zile za kusuka za bei ile, tutazungumza siku nyingine, mwezi huu suka vitunguu tu, vinakupendeza tangu utotoni.

Najua utasema, "Mama, wewe ndiye uliyeitaja Mikindani." Niliitaja. Nilisema tu sijui kama ile hoteli bado ipo. Nilijua ipo, bajaji za huko zinapita hapa kila saa. Basi.

Na nilikuona ukihesabu kichwani kabla ya kumwita mhudumu. Midomo inacheza. Nilikuwa na 20,000 kwenye pindo la khanga na sikuitoa. Nilitaka mtu anilipie, nione inakuwaje.

Ndani ya kifurushi kuna korosho kilo 2, nimezibangua mwenyewe, ndiyo maana nyingine zimevunjika na vidole vyangu vimeungua kwa yale mafuta ya ganda. Nusu kilo mpe mwenye nyumba, hasa mwezi huu. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, chemsha leo leo na chumvi, isikae. Mbaazi kavu ziloweke usiku ukienda zamu, ukirudi zitie nazi, zinakupeleka siku tatu. Hiyo ndiyo hoteli yako mpaka mwakani. Chipsi mayai za barabarani nakuomba uziache, si kwa afya, wewe unaijua afya kuliko mimi, ni kwa hesabu.

Baba yako yuko shamba, analala kibandani kulinda, maana wezi wa korosho mwaka huu wanaokota kabla ya mwenyewe. Tumepeleka magunia mawili ghalani, tunangoja mnada, hela ikiingia benki atataka bati. Jikoni panavuja palepale unapopajua, nimeweka sufuria lile kubwa, kwa hiyo pilau hatupiki. Fadhili kafeli hesabu na anasema mwalimu ndiye aliyefeli. Yule mbuzi mwekundu kazaa mapacha, mmoja bibi yako kampa jina lako kwa sababu anatoka nje bila kuaga. Nilicheka mpaka nikakumbuka ule ujumbe.

Baba yako sijamwambia. Ameniuliza mara moja kwa simu kwa nini sauti yangu iko hivi, nimesema mafua. Namba yake iko kwenye simu yako, na wale watu wataifikia tu, ni suala la siku. Bora asikie kwako. Bora zaidi asisikie kabisa, tukiwahi.

Mchezo, Jumamosi hii ni zamu yangu. Safari hii ni zamu yangu kweli, muulize mama Zuhura. Ni 120,000. Nilikuwa nimeipangia bati, bati litangoja, sufuria ni kubwa. Lakini sitoi hata shilingi kabla sijajua kiasi. Usiniambie "ni kidogo tu Mama". Usiniambie "nitamaliza mwisho wa mwezi". Nataka tarakimu: ulichokopa, ulichokwishalipa, kilichobaki, na kwa wangapi.

Bakuli la bluu lenye ming'oko ni la bibi yako, amelitaja mara tatu lisipotee. Ulirudishe Jumapili kwa basi hilohilo, kondakta nimemlipa kwenda na kurudi. Ndani yake weka karatasi yenye hicho kiasi, ukunje, ufunike na kitambaa. Nitalipokea stendi mwenyewe.

Mama yako