Ndege nyekundu, na ombi langu kwa Mzee wenu

Bedford, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo? Shemeji je? Na watoto, wameshafungua shule? Sisi huku alhamdulillahi. Baridi imepungua, mgongo bado wanisumbua, na yule jirani wa juu hajaacha muziki wake wa saa nane za usiku. Haya, salamu zimekwisha, maana nina mengi na kesho naingia zamu.

Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi, nikacheka mpaka mama aliyekaa karibu nami akahamia kiti kingine. Eti mwanamke mzima anakwenda kushinda majanini akitazama ndege kuukuu, na pesa ya kiingilio ingenunua dumu la mafuta ya kupikia! La mafuta silijibu kwa sababu ni kweli. Lakini mwishoni uliuliza swali, najua ulikuwa wanikejeli, nalo limenikaa kichwani wiki nzima: kama ndege hizo zina thamani hivyo, kwa nini wasizifungie kwenye makumbusho zikatulia, kuliko kuzirusha mpaka siku moja zianguke? Nilijaribu kukujibu kwa sauti, nikawa najikatiza mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Mahali penyewe ni Old Warden, si mbali na kwangu. Usifikirie uwanja wa ndege kama Embakasi. Ni nyasi tupu, mabanda upande mmoja, mashamba upande wa pili. Aliyeanzisha ni kijana tajiri, Richard Shuttleworth, aliyekuwa akikusanya magari na ndege ambazo wenziwe walishazihesabu takataka. Vita vilipokuja akaingia jeshi la anga, akafa mazoezini mwaka 1940. Mama yake akaiweka mali yote wakfu, na hiyo wakfu ndiyo inayolisha ndege mpaka leo.

Sasa Jumamosi jioni wakaitoa ile nyekundu. Inaitwa Comet, DH.88, ya mwaka 1934, mbao na gundi, injini mbili, viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine. Pua ndefu ajabu kwa sababu imejaa matangi ya mafuta, na rubani amekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Ikiwa chini haoni kitu mbele yake, anapapasa kwa kuchungulia pembeni. Mwaka huo wa 1934 iliondoka Mildenhall hapa Uingereza ikafika Melbourne, Australia, kwa saa 71 hivi, ikawashinda wote kwenye mashindano. Kituo cha kwanza Baghdad! Na mwisho wa safari injini moja ikawa inawapa taabu, wakaendelea nayo hivyo hivyo juu ya bahari.

Lakini hilo silo lililonifanya nisimame kitini. Wewe unaishi Nairobi West, kila siku walalamika ndege za Wilson zinawaamsha watoto. Basi mmoja wa wale marubani wawili alikuwa Tom Campbell Black, na huyo ndiye aliyeshirikiana na yule mjane, Florence Kerr Wilson, kuanzisha Wilson Airways hapo Nairobi mwaka 1929. Wilson ndiye huyo mama, na jina la uwanja ni lake. Campbell Black ndiye pia aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege, yule mama aliyekuwa akifunza farasi wa mbio, aliyekuja kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1936. Na mwezi huohuo mwalimu wake akafa, tena si angani: alikuwa chini, Liverpool, anatembeza ndege yake polepole, ndege ya jeshi ikatua ikamgonga. Mtu ametoka Uingereza mpaka Australia salama, ameruka nyika zetu zote wakati hakuna hata ramani ya maana, anakuja kufia uwanjani.

Kwa hiyo niliposimama pale, shoga yangu, nilikuwa namtazama mtu wa mtaani kwako akipita. Wazee wenye kamera ndefu kama mabomba walinigeukia. Mimi peke yangu nina buibui, peke yangu nashangilia kwa vigelegele. Wao hawashangilii. Wana adabu zao: wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanaandika namba za ubavuni katika vidaftari, wanabishana kuhusu rangi. Injini ikiwashwa wananyamaza wote kwa pamoja, hata aliyekuwa anatafuna anaacha. Kisha ndege ikishatua wanapiga makofi madogo madogo, basi.

Na sauti! Nilidhani Comet itanguruma. Haingurumi. Inapita na mlio mwembamba, umeshikana, mara imeshakuwa kule kwenye miti. Iliyo na kelele za vituko ni Avro 504, ya enzi za vita vya kwanza. Injini yake haikuundwa kama hizi tunazozijua. Silinda zote zinazunguka pamoja na rafadha, kinachotulia ni ule mhimili wa katikati uliofungwa kwenye mwili wa ndege. Rubani akitaka kupunguza mwendo anabonyeza kitufe kukata moto, akiachia unarudi, kwa hiyo inapokuja kutua unasikia brrr, kimya, brrr, kimya, na roho yako inasimama kila inaponyamaza. Na unajua inapakwa mafuta gani? Ya mbarika! Yaleyale bibi aliyokuwa akitukamatia pua na kutumiminia. Hayachanganyiki na petroli, ndiyo sababu. Yanatoka na moshi, yanamrukia rubani usoni, na wanasema marubani wa wakati ule walikuwa wakishuka wanakimbilia chooni. Moshi ulipotufikia tulipokaa nikaijua harufu kabla sijaambiwa. Tumbo likanikoroga lenyewe.

Jua lilipokaribia kuzama, upepo ukafa, na hapo ndipo wanapozitoa zile za zamani kabisa. Zikipigwa na upepo kidogo tu haziendi. Kuna Blériot ya mwaka 1909, aina ileile ambayo Mfaransa Louis Blériot alivukia bahari kutoka Ufaransa mwaka huo. Injini ni yake ileile, silinda tatu. Haina vipande vya kugeuzia kwenye mbawa. Rubani anazipinda mbawa zenyewe kwa waya. Watu wameishika mkia, yeye anapandisha moto, wanaiachia, inakwenda inachechemea majanini, kisha unaona mwanga chini ya magurudumu. Kimo cha mtu hivi. Inakwenda mbele kidogo, inatua. Basi, ndiyo yote. Zuhura, sijapata kuona watu wazima wakifurahi vile kwa kitu kilichoinuka chini ya dari ya nyumba yako.

Narudi kwenye swali lako. Makumbusho nimekwenda. London kuna ndege ya yule rubani mwanamke, Amy Johnson, aliyoipa jina la Jason, akaenda nayo Australia mwaka 1930. Imening'inizwa juu, imesafishwa, ina kibao cha maelezo. Nikaitazama, nikasoma kibao, nikaenda kutafuta chai. Comet nayo ilishaachwa nje Gravesend wakati wa vita ikioza, na mwaka 1951 wakaitundika kwenye maonyesho London. Ingebaki hivyo ningesoma kibao chake pia. Ikarushwa tena mwaka 1987, kisha miguu yake ya magurudumu ikawasumbua miaka na miaka, mpaka mwaka 2014 ndipo ikaruka vizuri. Ilipokuwa bandani ilikuwa bado ni ndege, sikatai. Lakini asipokuwepo mwenye haja ya kuirusha, nani atajifunza kushona kile kitambaa cha mbawa? Nani atajua kwa sikio kwamba silinda ya nne imekosa moto? Hayo hayaandikwi kwenye kibao. Yako kwenye mikono ya watu, na watu wenyewe ni wale wazee wa viti vya kukunja, na wanapungua.

Ila usidhani sioni upande wako. Mwaka 2015 pale Shoreham ndege ya maonyesho iliangukia barabarani, ikaua watu 11 waliokuwa njiani na shughuli zao. Mwaka 2018 kule Uswisi ndege ya zamani ya Junkers ilianguka mlimani na wote 20 waliokuwemo. Dallas mwaka 2022 mbili ziligongana angani. Kwa waliokufa barabarani Shoreham sina jibu, na sitajitia kuwa ninalo. Anayeruka amechagua. Aliye ndani ya gari lake hakuchagua. Sheria za maonyesho zimekazwa tangu hapo, watazamaji wengine wananung'unika kwamba ndege zinawekwa mbali mno, mimi nawaambia kaeni mbali hivyo hivyo. Bado nakwenda lakini. Sijui, labda nawe siku moja ukija...

Sasa ombi. Karibu nami alikaa fundi mstaafu, mzee wa watu, akanikaribisha sandwichi yake (nikauliza kwanza ndani mna nini, akacheka, akanipa ya mayai). Nikamtajia Mzee wenu, kwamba alikuwa fundi wa zile ndege za Dakota wakati wa East African Airways. Alivyogeuka! Akaanza maswali: kabla ya kuwasha asubuhi, walikuwa wakizungusha rafadha kwa mkono kuondoa mafuta yaliyokusanyika kwenye silinda za chini? Watu wangapi? Na kwa lile joto, na vumbi la viwanja vya bara, vichujio walikuwa wakivisafisha na nini? Nilisimama kama bubu. Mzee amenisimulia nyau aliyelala ndani ya injini, na yule rubani aliyesahau kofia, lakini kazi yenyewe sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

Uliniambia siku hizi anachanganya majina ya wajukuu. Basi usingoje Krismasi. Mkalishe kibarazani asubuhi, ndiyo saa yake nzuri, mpe kahawa, uweke simu mezani, umwache aseme. Usimkatize anapopotea, atarudi mwenyewe. Mwanzie injini, halafu umuulize alivyokuwa akijua kwa sikio kwamba kuna hitilafu. Shemeji asiwepo, maana anapenda kumsahihisha.

Utanifanyia? Na lile sanduku lake la spana, bado liko uvunguni au Hamadi ameshaliuza? Ile Dakota tuliyoiona Wilson tukienda kumpokea Saida, ulimwonyesha picha yake? Alisema nini? Mama amepona mguu? Na wewe, zile dawa unameza au bado wazificha kwenye kabati la vyombo? Mbona hukuniambia neno kuhusu kazi mpya, umeikataa? Alhamisi siko zamu, nipigie baada ya isha ya huko, na Mzee akiwa macho mpe simu.

Wako,
Rukia