Mbegu za zamani msitupe kwanza

Jamani wanabustani mambo, kabla masika hayajaanza kila mtu afungue droo atoe zile pakti zilizobaki. Chukua mbegu 10 funga kwenye tishu iliyoloa, weka kwenye kopo la siagi lenye mfuniko kama wiki hivi, zikichipua 7 kwenda juu panda kama kawaida, zikiwa 3 au 4 bado zinafaa ila ongeza idadi kwenye shimo. Nyanya zangu za 2022 zimetoka 8 aisee! Vitunguu vya mwaka juzi hata moja, vitunguu havikai bana. Zile zenye rangi ya pinki msiwape kuku, zina dawa. Jumamosi saa 10 jioni njooni nazo tubadilishane, bahasha ziandikwe mwaka plizi.