Barabara ya Materuni iwekewe vioo vya kona

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita niliwapeleka wazazi wangu Materuni, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro karibu na Moshi, na tulipokuwa tukipanda kupitia Uru, majani ya migomba yakigusa madirisha ya gari na kilele cha Kibo cha mlima huo, chenye mita 5,895, kikichomoza juu ya mawingu, mama aliniomba nisimame atazame tu. Hata hivyo, kwenye kona moja nyembamba tulikutana uso kwa uso na gari lililokuwa likiteremka, breki zake zikinuka, nikalazimika kurudi nyuma kando ya korongo. Naomba wahusika waweke vioo vya kona na sehemu za kupishana, na madereva wanaoteremka watumie gia nzito badala ya kutegemea breki pekee.

Mkazi wa Moshi