Matuta ya barabarani yamwachie mwenye baiskeli upenyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo dogo la barabarani ambalo sikuwahi kuliona katika likizo zote nilizokuja nyumbani kwa miaka 22 niliyoishi Utrecht, Uholanzi, kwa sababu kila nilipokuja nilikuwa ndani ya gari. Nazungumzia matuta na rasta, yaani ile mistari iliyoinuka inayofuatana, zinazowekwa barabarani penye makazi ya watu, ambazo mara nyingi hutandazwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kumwachia mwenye baiskeli hata upenyo wa kupitisha gurudumu.

Nilirejea moja kwa moja mwaka jana baada ya kustaafu. Nilinunua Hiace iliyotumika, nikang'oa viti vya nyuma, seremala akanitengenezea kitanda na kabati la vyombo, na baiskeli nikaifunga nyuma kwenye mlango. Nilitoka Dar es Salaam mwezi Agosti, nikapita Morogoro na Mikumi, nikapanda Kitonga (ambako gari lilichemka mara mbili, nami nikapata muda mrefu wa kuyatazama malori yakijikongoja mlimani), kisha Iringa, Makambako, Njombe na Songea hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Utaratibu wangu ulikuwa kuingia kijijini mchana na kupiga hodi ofisi ya kijiji, mtendaji ananiandika kwenye kitabu cha wageni, mwenyekiti ananionyesha pa kuegesha na kulala, na kesho yake gari linabaki pale mimi nikizunguka kwa baiskeli. Karibu kila ofisi niliulizwa nimetumwa na shirika gani. Mtendaji mmoja, kijana mwenye adabu sana, alinisindikiza hadi barabarani, akaitazama baiskeli, akashindwa kujizuia: "Mzee wangu, samahani, lakini gari si unalo?"

Simlaumu. Kwetu baiskeli imehesabiwa kuwa chombo cha mtu aliyekosa kingine, na nadhani hapo ndipo tatizo ninaloliandikia linapoanzia, kwa kuwa anayepanga barabara, anayeijenga na anayeikagua wote huipita wakiwa wamekaa kwenye kiti cha gari.

Karibu na Ilula, ambako matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kusubiri wanunuzi, nilipita kwanza na Hiace. Rasta zilinguruma chini ya matairi, vyombo vikagongana kabatini, nikapunguza mwendo kama ilivyokusudiwa, basi. Asubuhi yake nilizifikia rasta zile zile kwa baiskeli, nikiwa nyuma ya kijana aliyepakia tenga la nyanya kwenye Phoenix yake na kulikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Hatua chache kabla ya rasta alishuka. Mkono mmoja aliubakiza kwenye usukani, wa pili akaukingia chini ya tenga ili uzito usiangukie wote kwenye keria, akavuka mstari mmoja mmoja kwa hatua fupi, kama mtu anayevuka mto wenye mawe ya utelezi, huku lori likimpigia honi kwa nyuma. Tulipokwisha kuamkiana "Kamwene", salamu ya Kihehe, nilimuuliza kwa nini asipite tu polepole akiwa juu ya baiskeli. Alinijibu kwamba tenga likitikisika nyanya za chini hupasuka, na mnunuzi akiona maji yanachuruzika hushusha bei ya tenga zima. Pembeni hakuna pa kupita, kwa sababu rasta zinaishia kwenye mfereji. Pale anavuka mara nne kwa siku, na mbele yake kuna matuta mengine matatu.

Tangu siku hiyo sikupita tuta bila kutazama kingo zake. Katika sehemu moja kati ya Njombe na Songea nilikuta tuta lililoachiwa nafasi ya kama hatua moja kila upande, bila shaka ili maji ya mvua yapite, na baiskeli zote, za wakulima na za wanafunzi, zilipenya hapo bila mtu kushuka. Ina maana kinachohitajika kinajulikana na tayari kinafanyika, ila kinafanyika kwa ajili ya maji.

Lipo pia suala la ukingo wa lami wenyewe. Barabara ikirudiwa, tabaka jipya huinuka na bega la udongo hubaki chini, na mvua za masika mawili zikipita, tofauti inafikia kiganja kizima cha mkono. Mimi mwenyewe, nje kidogo ya Makambako, nililazimika kuiacha lami baada ya basi kunipita karibu mno. Gurudumu la mbele lilitumbukia, nikaangukia kiwiko. Fundi wa baiskeli chini ya mkaratusi aliinyoosha ringi kwa kugonga spoki moja baada ya nyingine na kusikiliza mlio wake, akaniambia kwamba ringi za mbele ndizo zinazomlisha, na wateja wake wengi wameangukia pale pale nilipoangukia mimi.

Najua wapo watakaosema kwamba mzee amerudi na mambo ya Ulaya. Naomba wakumbuke kwamba njia za baiskeli za Uholanzi hazikushushwa kutoka mbinguni. Mwaka 1971 peke yake ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 katika nchi ile ndogo, mamia kati yao wakiwa watoto, na wazazi wakaingia barabarani kudai mauaji hayo yakomeshwe. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ikazuia magari siku za Jumapili na watu wakazionja barabara zao zikiwa tupu. Hata hivyo sidai njia za pekee za baiskeli kutoka Makambako hadi Songea. Ninachoomba ni kwamba tuta au rasta inapomwagwa, iachwe nafasi ya nusu mita kila upande, jambo ambalo kwa hesabu yangu linapunguza lami badala ya kuiongeza, na barabara inaporudiwa, bega lisawazishwe na lami kabla mkandarasi hajaondoa mitambo yake.

Nilipolieleza hili kwa rafiki yangu mhandisi alinionya kwamba bodaboda nazo zitapenya hapo bila kupunguza mwendo. Ni kweli zitapenya, kwani hata sasa huyakwepa matuta kwa kupita kwenye vumbi mbele ya maduka, wanakocheza watoto. Kati ya bodaboda kupita ukingoni na bodaboda kupita uani, nachagua ukingoni, na mwenye ufundi zaidi yangu aseme nafasi iwe nyembamba kiasi gani.

Masika yakiisha, mwezi Juni, nitapita tena njia ile. Yule kijana wa nyanya nimemwahidi pampu ya mkono, na tumekubaliana nimkabidhi pale pale kwenye rasta, anaposhuka.

Msomaji wako,
Kihesa, Iringa