Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Vijana: Waacheni Wafikishe Mwaka

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua zangu tatu za awali hazikujibiwa. Wiki iliyopita tulipokea ujumbe wa mistari miwili kwamba fedha za mpango wa walezi wa vijana, yaani watu wazima wanaokutana na kijana mmoja mmoja ili kumwongoza, zimesitishwa, na huu ni mwezi wa tatu tu tangu uuzindue. Siku ile uliahidi, kwa kinywa chako mwenyewe, miaka mitatu ya ufadhili pamoja na watafiti wa kufuatilia maendeleo ya kila kijana. Watafiti hao hatujawaona hata siku moja.

Kijana ninayemlea ana miaka 14 na amehamishwa makazi mara nne. Ilimchukua wiki saba kunitazama usoni. Alhamisi nilipompa habari hizi alifunga daftari lake taratibu, akalisukuma upande wangu wa meza, akasema, "Nilijua." Tangu hapo nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Huenda uliambiwa kwamba miezi mitatu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Sivyo, Mheshimiwa. Utafiti wa mwaka 1995 kuhusu mpango wa Big Brothers Big Sisters nchini Marekani, uliohusisha vijana 959, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa pungufu kwa asilimia 46 miongoni mwa waliopewa walezi. Lakini watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walipozichambua upya takwimu hizo mwaka 2002, walikuta kwamba waliofaidika zaidi ni waliodumu na mlezi mwaka mzima au zaidi, ilhali waliokatishwa kabla ya miezi mitatu walizidi kujidharau.

Ndiyo maana fedha za utafiti si anasa. Kule Massachusetts, jimbo la Marekani, wavulana walisaidiwa kwa nia njema kuanzia mwaka 1939. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miongo kadhaa baadaye, aliwakuta katika mambo kadhaa wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao ambao hawakusaidiwa. Pasingekuwa na mtafiti, nani angejua?

Kama fedha hazitoshi, msiandikishe wapya. Hawa waliokwisha kupewa walezi waacheni wafikishe mwaka, na aje mtafiti awapime. Waacheni wafikishe mwaka, Mheshimiwa; siombi zaidi ya hapo. Alhamisi hii nitakwenda kwa nauli yangu na daftari lake mkononi, nami naomba jibu lako kabla ya siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Mlezi wa kijana mmoja