Cheti mlangoni, chanjo gatini

Lamu, Desemba 2021

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu agizo la kuonyesha cheti cha chanjo ya korona katika maeneo ya umma, agizo ambalo lilikuwa lianze kutekelezwa Jumanne ijayo, tarehe 21 Desemba 2021, na ambalo Mahakama Kuu imelisimamisha juma hili. Wateja wangu wengi walipoisikia habari hiyo redioni walipiga makofi. Mimi sikupiga, ingawa ni mmoja wa wale ambao agizo hilo lingewatwika mzigo mkubwa, kwa kuwa nina mkahawa mtaa wa Langoni hapa Lamu, na mimi ndiye ningekuwa askari wa mlango wangu mwenyewe.

Nieleze kwanza niliposimama, ili msomaji asije akanihesabu upande nisiokuwamo. Nimechanjwa dozi zote mbili, na barakoa naivaa. Machi 2020, mikahawa iliporuhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, nilitii, na Aprili, kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa, abiria wa mabasi ambao ndio waliokuwa wakishuka Mokowe, gati la bara tunakovukia kuja Lamu, na njaa ya safari walikatika kabisa, nami nikakaa na masufuria makavu hadi Juni. Tangu maradhi haya yaingie nchini nimewazika watu wawili niliokuwa nikiwaandalia chai kila siku. Kwa hiyo sina la kumwambia anayeniuliza kama korona ipo.

Agizo lenyewe, kama lilivyotangazwa na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe tarehe 21 Novemba 2021, lilimtaka anayetafuta huduma katika ofisi za serikali, anayepanda gari la abiria, anayeingia hotelini au katika mbuga za wanyama aonyeshe kwamba amechanjwa, na liliihusu pia kila biashara inayohudumia watu 50 au zaidi kwa siku. Mimi huanza kuuza mahamri na mbaazi punde baada ya sala ya alfajiri, na ikifika saa mbili hesabu ya 50 imekwisha kupita. Lakini jirani yangu anayeuza kahawa kwa dele (birika la kahawa) kwenye kona ya kichochoro hajui anahudumia watu wangapi, wala sijui ni nani atakayekaa kumhesabia vikombe. Wateja wetu ni walewale. Mzee atakayezuiwa kwangu saa moja kwa kukosa cheti atapiga hatua ishirini, aketi barazani pa kahawa, abanane na wenzake sita, na dakika tano baadaye watakaotoka kwangu watamkuta huko.

Hata hivyo, hesabu ya vikombe ni jambo dogo. Linalonisumbua zaidi ni mlango wenyewe na anayesimama pale. Mimi nimelelewa kumpisha mtu mzima kichochoroni na kumwamkua kwa kumbusu mkono. Adabu hiyo ya kubusu mkono tuliisitisha wenyewe tangu mwanzo wa maradhi, bila kuletewa askari, jambo ambalo wanaotuita wakaidi hawalitaji. Sasa anapoingia mzee wa makamo ya marehemu baba yangu bila barakoa, siwezi kumwambia kama anavyoambiwa abiria wa kituo cha mabasi. Humwambia, «Ami, niwie radhi, barakoa,» naye huitoa katika mfuko wa kanzu ikiwa imekunjwa kama noti, akaivaa hadi kwenye kiti, akaivua ili ale, na mambo yakaisha kwa wema. Ombi la namna hiyo huwezekana kwa sababu barakoa hupatikana papo hapo, na akiwa hana nitampa moja katika boksi ninaloweka karibu na kasha la pesa. Cheti je? Nikimwambia «Ami, niwie radhi, cheti,» naye hana, nimpe nini? Nitakuwa nimemfukuza mtu mzima mbele ya watu, nyumbani kwake, katika mji wake, kwa jambo ambalo siwezi kumsaidia kulitimiza wakati ule.

Na hata aliyechanjwa si lazima awe na cheti mkononi. Cheti hutolewa kwa njia ya mtandao, na ambaye hana simu ya kufungulia mtandao huenda akailipia karatasi kwenye duka la kompyuta. Mke wangu alidungwa sindano zake zote mbili, tena tukiwa pamoja, lakini kwa wiki tatu mtandao ulikuwa ukimtambua kwa dozi ya kwanza pekee, na kila alikokwenda kuuliza aliambiwa asubiri. Kwa agizo lile, ningelazimika kumzuia asiingie katika jiko lake.

Wenzetu wa bara husema watu wa pwani hawapendi kufuata kanuni. Mimi nadhani tatizo ni namna kanuni zinavyotufikia. Anayesafiri kwa boti kati ya Mokowe na Lamu ataniunga mkono kwamba jaketi za kuokolea maisha huvaliwa chombo kinapoondoka gatini, askari akiwa anatazama, kisha katikati ya maji huvuliwa na kukaliwa kama mito, hadi nahodha atakapopunguza mwendo karibu na gati la pili na kila mtu kuanza kutafuta mikono ya jaketi. Barakoa nayo imechukua njia hiyohiyo: inakaa kidevuni, inapandishwa puani akionekana askari, inashushwa akipita. Maji ya mkondo hayajali kama askari anatazama, na virusi pia hivyo hivyo, lakini abiria amekwisha kufundishwa kwamba kinachoogopwa ni faini.

Faini yenyewe tunaijua. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka adhabu ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita kwa asiyevaa barakoa hadharani. Katika mtaa wetu alikamatwa kijana anayebeba mchanga kwa punda, akiwa peke yake na mnyama wake, jasho likimtiririka. Miezi michache baadaye tuliona mikutano ya siasa, na mwaka huu wa kuelekea uchaguzi ndiyo imezidi, watu wamebanana uwanjani bega kwa bega, wakubwa wako jukwaani nyuso wazi, na askari wa kuwalinda wamesimama pembeni. Yule kijana wa punda huja kwangu kula wali mchana. Nikimwambia avae barakoa huivaa kwa heshima yangu, ila huuliza, akicheka, kama leo jukwaani wamevaa. Sijapata jawabu la kumpa. Yeyote anayetaka cheti kiheshimiwe mlangoni pa mkahawa angeanza kwa kukidai mlangoni pa mkutano wake mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, sikubaliani na wanaodai kwamba kumtaka mtu karatasi ya chanjo ni jambo geni au ni dhuluma mpya iliyobuniwa na wazungu. Tuwe wakweli. Anayekwenda Hija huchanjwa homa ya uti wa mgongo na kubeba karatasi yake, kwa sababu Saudi Arabia haimpi ruhusa bila hiyo, na mabaharia na wasafiri wamebeba kadi ya manjano ya homa ya manjano miaka na miaka. Mwaka huu wa 2021 Hija ilifanywa na watu kama 60,000 tu, wote wakiwa wakazi wa Saudi Arabia na wote wakiwa wamechanjwa, na sikumsikia mtu hapa Lamu akisema kwamba Makka imepotoka. Wazee wanaobishana nami kuhusu cheti cha korona, baadhi yao wana kadi zao za Hija sandukuni hadi leo, wamezitunza pamoja na shuka za ihramu. Tofauti ninayoiona ni moja: chanjo ya Hija hutolewa kabla ya safari, mahali panapojulikana, na anayeitaka huipata.

Kuna kisa kilichotokea karibu na sisi ambacho natamani kingesomwa na wanaoandika maagizo. Mgonjwa wa mwisho duniani kuupata ugonjwa wa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, mji wa pwani ya Benadir ambao majahazi ya Lamu yaliujua vizuri. Alikuwa mpishi hospitalini, tena hospitali iliyotaka wafanyakazi wake wachanjwe, lakini yeye alikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Oktoba 1977 aliingia ndani ya gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwelekeze dereva njia, safari ya dakika chache tu, na hiyo ikatosha kumwambukiza. Kilichofuata ndicho ninachotaka kukitilia mkazo. Mji ulipekuliwa nyumba kwa nyumba, vizuizi vikawekwa kwenye njia za kuingia na kutoka, na aliyekutwa hana chanjo alichanjwa palepale kizuizini. Katika muda wa wiki mbili watu zaidi ya 50,000 walichanjwa. Hakuna aliyeambukizwa na Maalin, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maalin mwenyewe, baada ya kupona, alikuja kushiriki katika kampeni za chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi wenye hofu jinsi alivyoiogopa sindano na ikamponza.

Kizuizi cha Merca kilikuwa na muuguzi. Mlango wangu utakuwa na mimi, mwenye mwiko mkononi.

Ombi langu kwa wanaohusika na afya katika kaunti, basi, ni kwamba wautumie muda huu ambao mahakama imeutoa kuileta chanjo pale watu wanapopita. Lamu ina bahati ambayo Nairobi haina: karibu kila anayeingia mjini hupitia gatini. Anayetoka Kizingitini, Faza, Ndau au Kiunga hulipa nauli ya boti, hupangia safari yake maji kujaa na kupwa, na akifika hapa ana shughuli tatu au nne za kumaliza kabla chombo hakijarudi. Ukimwambia aende hospitalini akapange foleni, kisha arudi baada ya wiki nane au kumi na mbili kwa dozi ya pili, umemwambia alipe nauli mara mbili na kupoteza siku mbili za kuvua. Meza moja, mwavuli, wauguzi wawili na kisanduku cha barafu vikiwekwa gatini asubuhi, boti za visiwani zinapoingia, kazi itakuwa nyepesi. Chanjo ya AstraZeneca huhifadhika katika ubaridi wa jokofu la kawaida, na ile ya Johnson & Johnson, ambayo tayari imo nchini, ni ya dozi moja tu, kwa hiyo ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa kisiwani. Ijumaa meza hiyo ihamie Mkunguni, mbele ya Ngome, ambapo watu hupumzika baada ya sala. Na anayechanjwa apewe karatasi yenye muhuri siku ileile, asiachiwe kusubiri mtandao umkumbuke.

Nimesikia hoja kwamba aliyechanjwa naye huambukizwa na huambukiza, hasa sasa kunapozungumzwa kirusi kipya cha Omicron, na kwamba kwa hiyo cheti hakina maana. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Kwa sababu hiyohiyo chanjo haiondoi haja ya barakoa ndani ya chumba kilichofungwa, na mwenye mkahawa asidhani kwamba karatasi ya mteja inampa ruhusa ya kufunga madirisha na kujaza meza. Lakini chanjo humpunguzia mtu sana hatari ya kuugua vibaya na kufa, na wale wawili niliowazika walikufa kabla dozi za kwanza hazijatua nchini Machi 2021. Hao wanaosema haina maana, ningetamani wangenisaidia kulieleza hilo kwa watoto wa marehemu hao wawili.

Iwapo waziri alikuwa na mamlaka ya kutoa agizo lile, hilo ni la majaji. Mimi sisubiri hukumu yao ili nijue la kufanya katika msimu huu wa kaskazi, ambapo ndege zinatua Manda kila siku na wageni wa Krismasi wamekwisha kuanza kujaa. Nimehamishia meza sita kati ya tisa nje, upande wa upepo. Wanaonifanyia kazi wote wamechanjwa, na nimebandika tangazo la kusema hivyo, kwani nimeona si haki nimuulize mteja jambo ambalo yeye hana njia ya kuniuliza. Barakoa inatakiwa kwa anayeingia ndani, awe mtalii wa Shela au mchukuzi wa gatini, na asiyekuwa nayo anapewa. Cheti simdai mtu kwa sasa. Ila siku ambayo ile meza yenye mwavuli itawekwa gatini, nitakidai bila kusukumwa na askari yeyote, na mzee atakayekuja bila nacho nitamwambia, «Ami, niwie radhi, ni hapo tu mbele, nenda, chai yako nitaifunika isipoe.»

Mwenye mkahawa,
Langoni, Lamu