Tuulize kwanza fedha ni za nani

Mhariri,

Nimefuatilia mjadala katika kurasa zako kuhusu nani huleta misukosuko ya fedha, soko huria au wasimamizi wa serikali. Mjadala huo unanisikitisha, maana kila upande umeshika nusu ya historia na nusu nyingine umeiacha.

Wanaoilaumu serikali wasipuuzwe. Kati ya 1930 na 1933, benki zipatazo 9,000 zilifungwa Marekani. Kanada, iliyopigwa na mdororo uleule wa uchumi, haikupoteza hata benki moja. Sheria za majimbo mengi ya Marekani zilikataza au kubana ufunguaji wa matawi, kwa hiyo benki ndogo ilikopesha wakulima wa eneo moja na kutegemea mazao yao tu. Bei ya mazao ilipoanguka, benki nayo ilianguka. Kanada ilikuwa na benki chache zenye matawi nchi nzima, na hasara ya huku ilifidiwa na faida ya kule. Watu waliopoteza akiba zao wakati ule walikuwa na haki ya kuwalaumu watunga sheria wao.

Lakini hoja hiyo haivuki hadi msukosuko wa fedha wa 2008. Miaka kumi kabla yake, Brooksley Born, msimamizi wa serikali ya Marekani, alitaka iangaliwe kama mikataba ya bima juu ya mikopo na riba, iliyokuwa ikiuzwa faraghani, inahitaji kanuni. Alipingwa na wakubwa wenzake, akiwamo Alan Greenspan wa benki kuu, na mwaka 2000 Bunge likaiacha mikataba hiyo nje ya usimamizi. Kampuni ya bima ya AIG ikaiuza kwa wingi bila akiba ya kuilipia, hadi Septemba 2008 ilipookolewa kwa mkopo wa dola bilioni 85. Mwezi uliofuata Greenspan alikiri mbele ya Bunge kwamba alikosea kuamini kuwa benki, kwa maslahi yake yenyewe, zingewalinda wanahisa wake.

Linaloniuma ni kwamba pande zote mbili hazigusi mtaji, yaani fedha za wenye benki wenyewe, zisizo za kukopa. Lehman Brothers, benki ya Marekani iliyofilisika 2008, iliingia mwaka huo ikiwa na mali karibu mara 30 ya fedha za wenyewe. Mali ikishuka thamani kwa asilimia 4 tu, mtaji wote umekwisha na hasara inayobaki ni ya wengine. Mwenye faida yake mkononi na hasara mabegani mwa jirani atacheza tu, kanuni ziwepo zisiwepo.

Machi 2023 tuliyaona tena. Silicon Valley Bank, benki ya Marekani, ilijaza hatifungani za serikali na za mikopo ya nyumba yenye dhamana ya mashirika ya serikali, mali inayohesabiwa salama sana. Riba ikapanda, thamani ya hatifungani hizo zenye riba ndogo ya zamani ikashuka, na kwa siku moja wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42. Wasimamizi walikuwa wameuona udhaifu mapema, ila hawakuusukuma urekebishwe kwa nguvu.

Hata baada ya 2008, kanuni za kimataifa za benki, ziitwazo Basel III, zinadai mtaji wa angalau asilimia 3 ya mali yote. Maana yake, 97 katika kila 100 zinaweza kuwa za kukopa. Mfanyabiashara wa kawaida akienda benki na hesabu ya namna hiyo hatapewa mkopo. Naomba wachangiaji wajao waanze na asilimia hiyo 3, watuambie kama wao wanaiona inatosha, na kwa nini.

Msomaji wako